Mahali pa Kuvuta Pumzi

Shemeji yangu aliitwa Taratibu, na jina hilo alilipata siku ya kwanza alipokuja kwenye mazoezi ya bendi yetu. Tulikuwa tukifanyia mazoezi kwenye ukumbi wa klabu ya wafanyakazi wa reli, mchana, viti vimepinduliwa juu ya meza. Tulikuwa watu wanne na tulipiga kama abiria waliochelewa treni. Mpiga drams anatoka mbio, mimi na besi langu namfukuza, mpiga saksafoni anatufukuza sote wawili, na juu yetu dada yangu anaimba kwa nguvu kama anayeita watoto warudi ndani mvua inakuja. Yule mgeni alikaa kwenye piano ya klabu, ambayo ilikuwa na mapengo kama mtoto wa darasa la kwanza, akatuvumilia mpaka katikati ya wimbo. Halafu akainua mkono wa kushoto.

"Taratibu," akasema. "Wimbo hauna miguu. Hautatukimbia."

Tulicheka mpaka mpiga drams akadondosha fimbo. Jina likaganda hapo hapo.

Kwenye wimbo uliofuata, ambao ulikuwa wa polepole, alifanya jambo ambalo hakuna mpiga kinanda aliyewahi kumfanyia dada. Alifika kwenye ubeti wa pili, akainua mikono yote miwili, akaacha kupiga. Tukabaki dada na mimi tu, sauti yake na besi langu, ukumbi mzima mtupu. Dada alimaliza ubeti kwa sababu hakuwa mtu wa kukimbia vita. Alipomaliza akageuka.

"Wewe kaka, umeniacha peke yangu mbele za watu."

Watu wenyewe walikuwa mfagiaji na ndoo yake.

"Sijakuacha. Nimekupisha," mgeni akajibu.

"Nilikuomba unipishe?"

"Hukuomba. Lakini umesikia ulivyoimba?"

Dada alinyamaza. Ungemjua dada yangu ungeelewa kwa nini sote tulitazamana. Mama yetu alijaribu kumnyamazisha kwa mwiko miaka yote ya utoto wake akashindwa, na huyu bwana mwembamba mwenye mikono ya shati iliyokunjwa alimnyamazisha kwa swali moja.

Walipotaka kuoana, mama aliuliza kama mama yeyote angeuliza. "Mpiga kinanda? Atakulisha nini, noti?"

"Noti anazo nyingi, mama," dada akamwambia, "ila dukani hazipokelewi."

Mama alicheka bila kupenda, na mzazi akishacheka, posa imeshapita mlangoni.

Walipanga vyumba viwili juu ya duka la fundi viatu. Kabla hata ya kitanda kuingia, iliingia piano ya mitumba, ikipandishwa ngazi na wanaume sita, mimi nikiwa chini yake nikiomba dua zote ninazozijua. Nyumba ile haikuwa kimya tena. Siku moja tulikuwa tunabishana mimi na shemeji kuhusu kodi, maana wanamuziki tunaziita kodi zile noti zinazopigwa kwa pamoja. Mimi nasema kodi ya mwisho imezidi, yeye anasema haijazidi, ni mimi sijaizoea. Mwenye nyumba alikuwa anapita kwenye ngazi, akasikia neno kodi, akaingia uso umechanua. Dada alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko kuimba kwake, na hiyo si sifa ndogo.

Muziki alioupenda shemeji ulikuwa jazi, ile yenyewe, ambayo watu mnakubaliana mwanzo na mwisho tu, na katikati kila mtu anajitafutia njia. Kuna jioni alikuwa anaingia katikati ya wimbo na hatujui atatokea wapi. Mimi kazi yangu ilikuwa kumwekea taa njiani na besi langu, basi. Akitokea salama ananitupia jicho kama mtu aliyevuka mto na viatu vikavu. Nimepiga na wengi tangu hapo. Raha ile sijaipata kwa mwingine.

Lakini jazi haina wenyewe wengi. Mwenye studio mmoja, mtu mnene aliyekuwa hatembei bila leso ya kufutia kipara, alikuja klabu kumsikiliza dada. Wimbo ulipokwisha hakwenda kwa dada. Alikuja kwa shemeji.

"Hizi sauti za nyuma yake, hizi za saksafoni kumjibu na kunyamaza, nani anazipanga?"

"Tunapanga wote," shemeji akasema.

"Mwongo huyo," dada akadakia. "Anapanga yeye. Sisi tunabisha tu."

Ndivyo alivyoingia studio. Ilikuwa ghala la zamani la magodoro, kuta zimebandikwa mazulia yaliyochakaa ili sauti zisirukeruke, na katikati kioo kinene kinachotenga chumba cha kurekodia na chumba cha mitambo. Kazi yake ilikuwa kuchukua wimbo wa mtu, ambao mara nyingi ulikuja ukiwa uchi, sauti na gitaa tu, akauvisha. Tarumbeta iingie wapi, fidla zikae wapi, besi lipumzike wapi. Hakuwa mtu wa kufoka. Alimwendea kila mpigaji akamwimbia sehemu yake sikioni, kwa sauti yake mbovu ya kukwaruza, mpaka mtu akaipiga kwa aibu ya kuisikia ikiharibiwa hivyo.

Alipata sifa, ila sifa zake zilikuwa za watu wa ndani. Mitaani walijua waimbaji. Ungeweza kupita naye mbele ya maduka matatu, redio zote tatu zinapiga kazi yake, na hakuna anayemgeukia. Yeye mwenyewe alikuwa anasimama ghafla katikati ya watu, kichwa kimeinama upande, akisubiri tarumbeta iingie. Ikishaingia vizuri anaendelea na safari. Na mpiga kinanda yule wa jazi, yule wa kuvuka mito, tulianza kumwona kwa nadra. Studio ilimla mpiga kinanda ikamtema mpangaji muziki. Nilimwambia hivyo siku moja, akasema, "Mtu hawezi kula pande zote mbili za mhogo, shemeji." Akabadilisha mazungumzo.

Kazi zake bora zilikuwa za dada. Hilo kila mtu alilijua, lakini sababu yake tulikuwa tunaijua wachache. Dada alikuwa na kasoro. Alichelewa kuvuta pumzi. Mwimbaji mwingine anavuta pumzi kabla ya mstari kuanza. Dada alisubiri mpaka neno la kwanza limeshatoka, ndipo akaiba pumzi katikati, na ukisikiliza peke yake ungesikia pengo dogo, kama mtu anayejikwaa. Shemeji hakumwambia abadilike. Kila alipojikwaa, aliweka kitu cha kumshika: fidla mbili, au tarumbeta ya chini, au kidole chake kimoja kwenye piano. Ukisikiliza zile rekodi leo utadhani ni mapambo. Ni mkono wa mtu kwenye kiwiko cha mkewe.

Mtoto hawakujaliwa. Walilia kwa hilo, wakanyamaza, wakaendelea.

Kulikuwa na wimbo mmoja uliochelewa kuliko nyimbo zote. Dada aliutunga mwenyewe, akauita "Dirisha la Jikoni". Ulikuwa wa mwanamke anayeosha vyombo, anatazama barabara, anaona kila mtu akirudi kwao isipokuwa wake. Aliuimba mezani, bafuni, kwenye ngazi. Shemeji alitaka wimbo huo uwe kazi yake kubwa. Alikuwa anaupanga, anaupangua. Dada akimuuliza, jibu lilikuwa moja: "Bado. Taratibu." Dada akawa anatania, anasema mume wake anasubiri yeye azeeke ili wimbo umfae. Haraka haina baraka, tunajua. Ila na kukawia nako kuna siku kuna adhabu yake.

Ilianza kwa sauti ya dada kukwaruza. Tulidhani vumbi, tukadhani mafua. Akanywa asali, akanywa tangawizi, akafunga shingo. Sauti ikazidi kuwa kama mchanga. Mwisho walikwenda hospitali, nami nikaenda nao kwa sababu dada alisema hataki kwenda na mtu mmoja anayenyamaza.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, anaongea kwa upole bila kuzunguka. Alisema kuna uvimbe kwenye kisanduku cha sauti, kooni, na si uvimbe wa kawaida. "Tukikiacha, ugonjwa utashuka. Tukikitoa chote, utaishi. Lakini sauti uliyozaliwa nayo itakwenda nacho."

Dada alimtazama. "Daktari, una mume?"

"Ninaye."

"Basi wakikuambia uchague kati ya sauti na uhai, usimuulize yeye. Atakwambia yote mawili ni sawa, ilimradi upike." Akacheka ile sauti ya mchanga. Daktari akacheka. Mimi nikacheka. Shemeji alikuwa anaangalia viatu vyake.

Basi, siku zile za kungojea upasuaji, shemeji alimaliza "Dirisha la Jikoni". Kazi ya miaka aliimaliza kwa siku chache, halali, hali. Aliponipigia sehemu zake kwenye piano ya nyumbani, nywele zilinisimama. Dada alikuwa mlangoni amesimama na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Twende studio," akasema.

"Daktari amesema upumzishe koo."

"Nimemsikia. Nataka mara moja tu. Nikishindwa, nimeshindwa."

"Hapana, mke wangu."

"Koo lenyewe si linatupwa? Unamhifadhia nani?"

"Labda hawatakitoa chote," shemeji akasema. "Labda wakifungua watakuta uvimbe ni mdogo. Sasa ukilikaza koo leo, ukaongeza ubaya..."

"Wewe una labda. Mimi sina."

"Siwezi kukaa nyuma ya kioo nikakusikiliza ukijiumiza. Usiniombe hilo."

Walikuwa wanagombana kwa kunong'ona, dada kwa sababu sauti hakuwa nayo, na shemeji kwa sababu hakuweza kumpandishia mtu asiyeweza kumjibu. Dada alikitundika kile kitambaa msumarini, akakinyoosha pembe zake, akaenda kulala. Hakulitaja tena.

Walipofungua, uvimbe haukuwa mdogo. Walikitoa kisanduku chote.

Dada alirudi nyumbani na tundu dogo chini ya shingo, la kupumulia, na skafu ya kulifunika. Alikuwa na skafu nyingi nzuri. Maneno aliyatamka kwa midomo tu, bila sauti, na mimi nilimwelewa tangu siku ya kwanza. Tulipokuwa wadogo mama hakuruhusu maneno wakati wa kula, kwa hiyo mimi na dada tulikulia kwenye kusengenya kwa midomo, mchana na jioni, chini ya pua ya mama. Sasa nikawa mkalimani. Anamtukana mtu, natafsiri. Ananitukana mimi, natafsiri vilevile.

Shemeji hakuweza. Alijaribu, Mungu ndiye shahidi. Alikuwa anakaa mbele yake, anamtazama midomo kama mwanafunzi anayetazama ubao, na anakosea. Alikuwa mtu wa masikio tangu kuzaliwa, macho alipewa ya kumsaidia asigonge milango. Dada akamwandikia kwenye kibao cha chaki, lakini kuandika alikuchukia. Aliniambia kunachelewesha matusi.

Jambo lililoniumiza zaidi lilikuwa ile piano. Shemeji aliifunga kwa huruma, ili mkewe asiumie kuisikia. Dada akaifungua kwa huruma, ili mumewe asikose kupiga. Shemeji akirudi anakuta iko wazi, anaifunga. Dada akiamka anakuta imefungwa, anaifungua. Hawakuambiana kitu. Kifuniko kikawa kinapanda na kushuka nyumba nzima ikiwa kimya.

Yule mwenye studio alikuja na leso yake. Alikuwa amepata binti mwimbaji, watu walimwita Chiriku, na alitaka aimbe "Dirisha la Jikoni". Shemeji alikataa. Akaja tena, akakataa. Mara ya tatu shemeji alikubali. Mpaka leo watu husema ni kwa sababu alibembelezwa. Mimi nilimuuliza tukiwa tunafunga vyombo vya muziki. Akasema, "Nataka nisikie jinsi wimbo ule ungekuwa." Akaniomba nisimwambie dada, na mimi sikusema neno. Lakini dada alikuwa amesoma midomo yangu tangu nina meno ya utoto. Kuficha siri nako ni kuisema.

Siku ya kurekodi wapigaji wote walikuja, fidla, tarumbeta, kila mtu. Chiriku aliingia nyuma ya kioo akavaa vipokea sauti masikioni, binti mdogo wa umbo, sauti safi kama bilauri. Ubeti wa kwanza ulikuwa juu kuliko sauti yake. Alipanda, akafika karibu na kilele, akakosa pumzi. Shemeji akasimamisha. "Tena." Akaimba tena, akajikwaa palepale. "Tena." Sikuwahi kumsikia shemeji akitumia sauti ile kwa mtu. Fundi mitambo alinitupia jicho. Chiriku alikuwa anafuta machozi kwa mgongo wa mkono akijifanya anakuna pua. "Tena," shemeji akasema. "Neno la kwanza litoke kwanza, ndiyo uvute pumzi. Litoke kwanza! Mbona rahisi?"

Mlango wa chumba cha mitambo ulifunguka, akaingia dada.

Alikuwa na skafu ya kijani na mkoba wake wa sokoni. Alisimama nyuma ya fundi mitambo, akaashiria waendelee. Tukaendelea kwa sababu tuliogopa kutoendelea. Chiriku akaimba, akaanguka palepale. Dada alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua akanitafuta mimi kupitia kioo, akaanza kusema, polepole ili nisikosee. Nikaweka besi chini, nikaenda upande wao.

"Anasemaje?" shemeji akauliza. Alikuwa amesimama pia, mkononi karatasi za muziki.

"Anasema binti huyu hana kosa."

"Najua hana kosa. Ni ugumu wa..."

"Anasema nimalize." Nikamtazama dada. Nikatamani niwe sijaelewa. "Anasema, mwambie mume wangu huyu si mimi."

Shemeji aliziweka sawa zile karatasi, pembe kwa pembe.

"Anasema umeuandika kwa ajili ya koo ambalo halipo. Kila mahali umemwekea mkono, umeuweka pale nilipokuwa nikianguka mimi. Yeye haanguki pale. Anaanguka kwa sababu umemtegea mimi."

Chumba kile kilikuwa na mazulia ukutani, sauti hairuki. Maneno yalitoka kinywani mwangu yakafa. Fundi mitambo alimpisha kiti, shemeji akakaa. Alifunika uso kwa zile karatasi, mabega yakawa yanatikisika, na dada hakumwendea. Alimpita. Aliingia nyuma ya kioo, akamshika Chiriku bega, akaenda kwenye piano. Dada hakuwa mpigaji, alijua kidole kimoja kimoja. Akatafuta noti ya kuanzia, akashuka, akashuka tena, akamtazama binti kama fundi cherehani anayepima kiuno, akagonga noti aliyoitaka. Akaigonga mara nyingi mpaka shemeji akainua kichwa.

Kisha akamwimbisha bila sauti. Midomo yake inaenda, na kila mahali pa pumzi anapiga kofi moja, kabla ya neno, siyo baada. Chiriku akamfuata. Alikuwa mwanafunzi mwepesi.

Shemeji alichukua kalamu. Alikata fidla hapa, akasogeza tarumbeta pale, anafuta, anaandika juu. Ilibidi afute kila mahali alipokuwa amemshika mkewe. Nilisimama nyuma yake nikaona mistari ile inavyopotea, nikageuka nikaenda kukaza nyuzi za besi ambazo hazikuwa zimelegea.

Wimbo ulitoka. Uliuzwa, ukapigwa harusini na kwenye saluni na kwenye mabasi ya masafa marefu. Ndio uliomfanya Chiriku awe Chiriku. Wanaojua muziki walisema ni kazi bora ya Taratibu, na walikuwa sahihi.

Nilidhani baada ya siku ile nyumba itapata nafuu. Jibu alinipa dada mwenyewe, mwezi haujaisha, alipokuja kwa mama na sanduku. Alikaa kitandani kwake kwa zamani akaniambia nimpelekee mumewe maneno. Nilimwambia ampelekee mwenyewe, ana kibao. Akasema kibao hakina macho, na anataka aambiwe na mtu atakayemtazama.

Nikaenda. Shemeji alikuwa jikoni anaosha kikombe kimoja.

"Anasema anakupenda," nikaanza.

"Najua. Sema lingine."

"Anasema kila ukimtazama, unasikiliza. Anasema amechoka kuwa mtu anayesikilizwa na hatoi kitu. Kwa mama hakuna mtu anayesubiri aimbe."

Alikisuuza kile kikombe muda mrefu. "Mwambie nitajifunza," akasema. "Mwambie sitasikiliza."

Nilimwambia dada. Akatabasamu, akatamka kitu ambacho sikukipeleka kwa sababu hakikuwa cha kupelekwa: "Maskini. Ni kama kumwambia samaki asilowe."

Hawakuachana. Watu walitaka iwe wameachana, ili wawe na la kusema. Kila Jumapili shemeji alikuja kwa mama. Wanakaa uani, dada anachambua mboga, yeye anamenya alichopewa kumenya. Mama mwenyewe, aliyewahi kumtilia shaka, alikuwa anamwekea kiti chenye mto. Hawakuzungumza sana, hata kupitia kwangu. Nikiwatazama nilikuwa nadhani ni wapenzi wapya wanaooneana haya. Mara moja nilimwona dada akimfuta ganda la kitunguu kwenye ndevu, kwa kidole, akakiacha kidole pale zaidi ya ilivyohitajika.

Ugonjwa haukuwa umeondoka. Ulikuwa umejificha kwenye mapafu. Uliporudi haukubisha hodi.

Wodi yake ilikuwa na vitanda sita na dirisha moja kubwa. Tulikuwa tunakwenda saa za mchana za kutazama wagonjwa, mimi upande huu wa kitanda, shemeji upande ule. Dada alikuwa amekonda, midomo imekauka, lakini matusi yake yalikuwa mazima. Alimtukana daktari, akatutukana sisi, akaniomba nisitafsiri la mama. Siku moja aliniashiria kiu. Jagi lilikuwa tupu. Nikatoka kwenda bombani, mwisho wa korido, nikakuta foleni ya watu wenye majagi.

Niliporudi, shemeji alikuwa amesimama. Alikuwa amemshika dada mikono yote miwili, na muuguzi alikuwa anakuja haraka.

"Amesema kitu," shemeji akaniambia. "Amenitazama akasema kitu. Mtazame! Mwambie arudie!"

Nilimtazama dada yangu. Hakuwa anarudia kitu tena.

Tulimzika. Walikuja watu wengi, Chiriku akaja akasimama nyuma kabisa na miwani myeusi. Sikumbuki mengi ya siku hiyo. Nakumbuka mama aliniuliza mara mbili kama nimekula.

Matanga yalipokwisha, shemeji alikuja chumbani kwangu mchana, akafunga mlango, akakaa kwenye kiti mbele yangu.

"Nitakuonyesha alivyofanya," akasema. "Wewe niambie ni nini."

Akaanza kuchezesha midomo. Alikuwa ameishika ile picha kichwani, masikini, alikuwa amefanya mazoezi, niliona. Midomo ikafunguka, ikakutana, ikafunguka kidogo upande. Akarudia. Akarudia polepole. Mtu ambaye angeweza kusikia tarumbeta moja ikikosea kati ya tatu alikuwa ananiletea neno la mwisho la mkewe kwenye midomo isiyojua kusema. Ingeweza kuwa jina lake. Ingeweza kuwa "maji". Ingeweza kuwa neno la mapenzi, au tusi, na kwa dada yangu hayo mawili hayakuwa mbalimbali. Nilitazama kwa nguvu zangu zote. Nilitazama mpaka macho yakaniuma.

Ningeweza kumtajia neno zuri. Angelichukua, angeishi nalo. Lakini alikuwa ananitazama kwa uaminifu mkubwa mno.

"Sijui, shemeji," nikasema. "Sijalipata."

Akarudia mara moja zaidi, kwa unyonge. Kisha akafunga mdomo.

"Basi," akasema. "Nami sikulipata."

Hakurudi studio. Mwenye studio alimfuata mara nyingi, akalia kweli kweli kwenye ile leso, lakini shemeji alimwambia kwa adabu kwamba kazi ya kupanga sauti za watu imemtoka mkononi. Siku hizi anapiga piano kwenye ukumbi wa chini wa hoteli moja, nyakati za chai, wageni wakipokea simu na kuvuta masanduku yao. Mimi napiga naye besi. Tunapiga jazi, ile ya kujitafutia njia. Waimbaji huja kumwomba awasindikize, wengine wa majina makubwa. Anawasikiliza, anatabasamu, anasema hajui nyimbo za kuimbwa.

Anapiga vizuri. Pengine anapiga vizuri kuliko zamani, sijui, maana huko anakoingia siku hizi mimi besi langu halifiki. Namsubiri tu pembeni, nikishikilia mapigo. Siku nyingine anakawia sana kutokea. Wahudumu wanaanza kupanga meza za chakula cha jioni, wanatuzunguka na sahani zao, na mimi bado namsubiri.